Diski Bila Kadi Yake

Wanaohuisha kompyuta za miaka ya 1970 na 1980 huilalamikia diski kuliko kifaa kingine chochote, na wana haki. Saketi za silikoni hazina kinachosogea. Diski ina mota, beringi, mikanda, mipira na vichwa vya kusomea vinavyoelea juu ya sahani inayozunguka kwa kasi. Kwa hiyo maarifa yote huelekezwa huko: beringi ipakwe nini, mkanda upatikane wapi, pawasaplai ipimwe vipi kabla ya kuwashwa. Naona hiyo ni nusu ya kazi, tena nusu rahisi. Katika minikompyuta za Digital Equipment Corporation, yaani DEC, hasa ukoo wa PDP-11 ulioanza mwaka 1970, diski na kadi iliyoiendesha vilikuwa kifaa kimoja kilichotenganishwa na kebo. Anayeokoa diski na kuitupa kadi anabaki na chuma kizito chenye sumaku isiyosomeka.

Tuanze na diski ambayo mafundi huijua kwa ubaya. RD53 ilifungwa kwenye MicroVAX II na MicroPDP-11 katikati ya miaka ya 1980. Ni ya inchi 5.25, na DEC hawakuiunda wao. Waliinunua kwa Micropolis, walioiita 1325. Ndani yake, mkono unaobeba vichwa hupumzika ukiwa umeegemea kipande kidogo cha mpira. Miaka ikipita mpira huo hulainika na kunata kama ulimbo, na mkono ukinasa haubanduki. Ukiwasha, mota inazunguka vizuri, mvumo unapanda hadi kasi yake, kisha hakuna kinachofuata. Dawa yake ni ya kibabe: kufungua kifuniko mahali safi kadiri iwezekanavyo, kuusukuma mkono taratibu hadi uachie, kufunika mpira kwa utepe ili usinate tena, na kufunga. Kiwandani wangeshika vichwa kwa fadhaa, maana pengo kati ya kichwa na sahani ni dogo kuliko chembe nyingi za vumbi. Hata hivyo diski nyingi zilizofunguliwa hivyo zimeishi muda wa kutosha kunakiliwa, na hatuzidai zaidi ya hapo.

Shida ya pili huanza baada ya ushindi huo. Diski iliyopona inachomekwa kwenye kadi nyingine yenye soketi za aina ileile, ya pini 34 na ya pini 20, na kompyuta inasema haioni kitu. Soketi hizo zilianza na ST-506 ya Seagate ya mwaka 1980, na utaratibu wake uliifanya diski kuwa na akili kidogo mno. Inapokea amri ya kusogeza vichwa hatua moja mbele au nyuma, na inarudisha mipigo ya umeme kila sumaku kwenye sahani inapogeuka mwelekeo. Basi. Haijui sekta wala baiti. Sekta inaanzia wapi, namba yake inaandikwa namna gani, makosa yanagunduliwa kwa hesabu ipi, yote hayo huamuliwa na kadi. Hesabu ya RD53 inaonyesha ukubwa wa jambo hili. Ina silinda 1,024 na vichwa 8, yaani njia 8,192 za data, zenye nafasi ya megabaiti 85 hivi kabla ya kufomatiwa na 71 baada ya kufomatiwa. Zile 14 hazikupotea. Ni vichwa vya sekta, nafasi tupu na alama za ukaguzi, vyote vikiwa vimeandikwa kwa kanuni za kadi husika. Kanuni zenyewe hazikufanana hata ndani ya kampuni moja: diski iliyofomatiwa kwa kadi ya DEC ya RQDX1 au RQDX2 haisomeki kwa RQDX3, na mteja aliyebadilisha kadi alilazimika kufomati upya.

Huenda ikadaiwa kwamba hizo ni tabia za diski za bei nafuu, na kwamba wakubwa zake walikuwa na nidhamu zaidi. Sivyo. RK05 ya mwaka 1972 ilitumia sahani moja ya inchi 14 ndani ya kasha la kuchomoa, yenye takriban megabaiti 2.5. Kwenye kitovu cha sahani kuna mikato inayoiambia mashine sekta mpya imefika. Kasha la PDP-11 lina sekta 12 kwa kila mzunguko, la PDP-8 lina 16, ilhali kwa nje ni mapacha na mashine inayoyazungusha ni ileile. Isitoshe, vichwa vya RK05 vilipaswa kulinganishwa kwa kasha maalumu la vipimo. Kasha lililoandikwa kwenye mashine iliyopinda huenda lisisomeke popote ila kwenye mashine hiyo hiyo iliyopinda. Fundi mwenye bidii akiirekebisha kabla ya kunakili, ameharibu ufunguo wa pekee. RL02 ya megabaiti 10 inageuza kibao: alama zinazoongoza vichwa ziliandikwa kiwandani kwenye sahani yenyewe, na mashine haina uwezo wa kuziandika upya. Kasha likipitishiwa kifaa cha kufutia kwa sumaku, halifai tena, hata uwe na kadi ya aina gani.

Wapo wanaoona haya yote ni kuhangaika bure, kwa kuwa nakala za mifumo endeshi ya zamani, RT-11 au Unix toleo la sita, zinapatikana kwa wingi na zinaendeshwa vizuri na SIMH, programu inayoiga PDP-11 ndani ya kompyuta ya leo. Kwa mfumo endeshi nakubali kabisa. Lakini mfumo endeshi ndio uliouzwa kwa maelfu. Kisichokuwa na nakala ni programu ambayo maabara moja iliiandika kupima chombo chake, au kumbukumbu za kiwanda kimoja, na hivyo hukaa kwenye diski moja, mara nyingi hiyo hiyo yenye mpira uliooza.

Hoja nzito zaidi ni hii: kadi na kompyuta yake zikiwa nzima, kwa nini tusisome data kupitia hizo na kuituma kwa kebo ya siriali? Njia hiyo ni safi, na mimi singeidharau. Ila kwa kasi ya baud 9,600, ambayo ni takriban baiti 960 kwa sekunde, megabaiti 71 huchukua zaidi ya saa 20, huku diski mgonjwa ikizunguka muda wote. Kuna vifaa vya kisasa vinavyonasa mipigo ghafi ya ST-506 kabla ya kufasiriwa. Sahani ikizunguka mara 3,600 kwa dakika, njia zote 8,192 zinasomeka mara moja kwa zaidi kidogo ya dakika mbili, ukiacha muda wa kusogeza vichwa. Tafsiri hufanywa baadaye na programu, bila haraka. Lakini programu hiyo lazima ijue kanuni za kadi, na mwandishi wake alizipata kwa kuichunguza kadi halisi na vitabu vyake. Vivyo hivyo kwa vifaa vya kumbukumbu ya flashi vinavyojifanya diski mbele ya kompyuta ya zamani: ndivyo vinavyofaa kwa kazi ya kila siku, na diski halisi ipumzike.

Ukikuta kabati la aina hii kwenye stoo ya chuo au ya kiwanda, piga picha kebo zote kabla ya kuchomoa hata moja. Andika jina la kadi na tundu ilimokaa, ibandike lebo pamoja na diski yake, na visafirishwe kwenye sanduku moja. Usirekebishe vichwa kabla ya kunakili. Na programu ikikuuliza kama ifomati diski, jibu hapana.