Shafti Ikianza Kulia, Zima Redio

Je, mpenzi msomaji, gari lako hulia "taka-taka-taka" unapokata usukani hadi mwisho ili kushuka kwenye feri pale Likoni? Basi usiongeze sauti ya redio. Shafti ikikatika katika mwinuko wa kutokea ferini, gari laweza kurudi nyuma, na nyuma yako mna magari na umati wa watu.

Gari dogo linalovutwa na magurudumu ya mbele lina shafti mbili. Subaru Forester au Legacy ya zamani huvutwa na magurudumu yote manne, hivyo ina shafti nne. Kila shafti ina viungo viwili, na kila kiungo kimefunikwa kwa mpira uliojaa grisi, ambao mafundi huuita buti. Buti nane! Moja likipasuka, grisi hurushwa nje, kisha mchanga wa Mtongwe au Kisauni huingia na kusaga chuma.

Hapa ndipo wengi wetu hutupa pesa. Buti likipasuka na kiungo kingali kizima, fundi hukiosha, akatia grisi mpya na kuvisha buti jingine, yamekwisha. Lakini kikishaanza kulia, buti jipya ni kumvisha mgonjwa kanzu. Badilisha shafti.

Usimwachie fundi gari ukaenda kunywa chai. Nati kubwa ya katikati ya gurudumu hulegezwa gari likiwa lingali chini, kwani nguvu inayohitajika yaweza kuliangusha kutoka kwenye jeki. Kisha liwekewe stendi, si mawe. Katika Subaru nyingi za zamani, shafti hufungwa kwenye giaboksi kwa pini ndogo. Pini hiyo ikikataa kuingia, isipigwe nyundo kwa hasira: shafti igeuzwe nusu mzunguko, matundu yatalingana.

Ukinunua shafti iliyotumika, kama wengi tufanyavyo, ilaze kando ya ile kuukuu kabla ya kulipa. Linganisha urefu, hesabu meno ya ncha zote mbili, na kama gari lina breki za ABS, tazama ile pete yake. Buti zikunje kwa vidole utafute nyufa.

Kazi ikiisha, tafuta uwanja mtupu, uzungushe gari polepole kulia, kisha kushoto, usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho na madirisha yote wazi.