MIZINGA YA KISIWA CHA BETIO

Kama unakaa pwani, unajua kuwa bahari ina siku zake. Siku za bamvua maji hujaa sana. Siku za maji mafu hayajai sana wala hayapwi sana. Askari waliokwenda kupigana Betio walilijua jambo hili kwa damu.

Betio ni kisiwa kidogo cha Tarawa, nchi ya Kiribati, katika Bahari ya Pasifiki. Urefu wake ni karibu kilomita 3 tu. Katika Vita Kuu ya Pili Wajapani walikiteka, wakajenga uwanja wa ndege. Wenyeji wengi walihamishwa.

Ili kuulinda uwanja huo, Wajapani waliweka mizinga 4 mikubwa ya kupiga meli. Tundu la kila mtutu lilikuwa na upana wa sentimita 20, karibu shibiri moja. Watu wengi walidhani mizinga hiyo ilitekwa Singapore. Sivyo. Namba zake zilionyesha kuwa Waingereza wenyewe waliiuzia Japani mwaka 1905.

Tarehe 20 Novemba 1943 Wamarekani walifika. Meli zao zilinyamazisha mizinga 3 kati ya hiyo 4 mapema. Basi kazi ilikwisha? Hapana. Wajapani walikuwa wamejenga mahandaki kwa magogo ya minazi, wakayafunika kwa mchanga. Gogo la mnazi lina nyuzinyuzi. Likipigwa halipasuki ovyo. Ndani yake walikaa askari wenye bunduki za rashasha, wakisubiri.

Mbele ya ufuko kuna mwamba mpana. Mashua za Wamarekani zilihitaji maji ya kina cha zaidi ya mita 1. Frank Holland, aliyekaa Tarawa miaka mingi, alikuwa amewaonya kuwa maji hayatatosha. Hawakuahirisha. Siku ile yalikuwa maji mafu, na mashua zikakwama mwambani. Askari wakateremka, wakatembea majini mamia ya mita, silaha juu, huku wakipigwa risasi.

Vita hivyo vilichukua siku 3. Wamarekani wapatao 1,000 walikufa. Upande wa Wajapani walikuwa zaidi ya watu 4,500. Waliotekwa hai walikuwa 146 tu, na 129 kati yao walikuwa vibarua Wakorea.

Leo Betio imejaa nyumba. Mizinga bado inaonekana ufukoni, imeliwa na kutu. Watu wakichimba msingi wa nyumba, mara nyingine hukuta mifupa, au bomu ambalo halijalipuka.