Popo Mweupe Darini

Bwana Mkulima, ukipanda darini ukamkuta popo mweupe kama pamba, usikimbilie fimbo. Huyo si pepo, wala hakutumwa na mchawi. Mwili wake umekosa ile rangi ya ngozi na manyoya, nao upungufu huo ameurithi kwa baba na mama, ambao huenda wenyewe ni weusi kama popo wengine. Mtazame macho: yakiwa mekundu, ana ualbino, yakiwa meusi, ni manyoya tu yaliyokosa rangi. Yule popo wa migunga kule Baringo, mwenye mabawa ya manjano, usimtie katika hesabu hii. Hiyo ndiyo rangi ya kabila lake.

Popo mla wadudu huwinda gizani kwa kusikiliza mwangwi wa sauti yake, awe mweupe au mweusi. Hula nondo, nao nondo ndio wazaao viwavi wa mahindi yako. Tena popo jike kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu. Ukiliua kundi zima kwa kumwogopa mmoja, halitarudi upesi.

Lakini usimshike kwa mkono mtupu, maana popo aweza kuwa na ugonjwa ulio kama kichaa cha mbwa. Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha uende hospitali siku ile ile.