Jiwe Ndani ya Mashine ya Kufulia

Kwenye ukingo wa Mtaa wa Rockey, Bellevue, Johannesburg, nilikuta pande la zege ambalo halikufanana na tofali la ujenzi. Lilikuwa na matundu ya bolti, na upande mmoja ulikuwa umepinda kana kwamba limefinyangwa likumbatie pipa. Kando yake kulikuwa na mabaki ya mashine ya kufulia. Waokota vyuma chakavu walikwisha kuifumua na kuchukua bati, mota, nyaya na ngoma ya ndani. Zege halina mnunuzi, ndiyo maana likaachwa. Nililisukuma kwa mguu, halikutikisika.

Aliyenifafanulia ni hamali mmoja kutoka Bukavu, mtu mzima, anayehamisha vyombo vya wapangaji wa Bellevue, Yeoville na Berea. Nilimwita yaya, yaani kaka mkubwa kama wasemavyo Wakongo, naye akaomba jina lake lisiandikwe. Alilitazama lile pande kama mtu anayemtambua adui yake wa zamani.

Ngoma ya mashine inapokamua huweza kuzunguka zaidi ya mara 1,000 kwa dakika. Nguo mbichi zikijilundika upande mmoja, mashine nyepesi ingerukaruka chumba kizima. Ndiyo maana watengenezaji hufunga zege kwenye pipa la ndani, pipa lenyewe likaning'inizwa kwa springi. Mashine ya mlango wa mbele huweza kupita kilo 60, na zege lake pekee likafika kilo 25.

Yaya anasema afadhali friji. Friji ni kubwa, lakini ukishaijua imekaaje mkononi, haibadiliki hadi juu. Mashine ya kufulia inabadilika njiani. Ilipotoka dukani ilikuwa na bolti ndefu za kulikaza pipa lisicheze safarini. Mwenye mali huzifungua siku ya kwanza, kama kijitabu kinavyoagiza, kisha zinapotea. Mwaka wa pili anahama, na mashine inapanda ngazi bila hizo bolti.

Na ngazi za Bellevue ni zile za magorofa ya zamani, nyembamba, zinazokata kona kila baada ya hatua chache. Lifti haipo, au ipo na haifanyi kazi. Mmoja anatangulia kinyumenyume akivuta, mwingine yuko chini akisukuma na kupokea. Wa chini ni yaya, kwa sababu ndiye mzoefu, na wa chini ndiye anayebeba zaidi ya nusu. Wanapofika kwenye kona inabidi mashine ilazwe kidogo ili ipite. Hapo ndipo pipa na zege lake vinapohama ndani ya bati, kutoka upande mmoja kwenda mwingine, bila mtu kuona. Mlio wake ni mmoja tu, mzito. Anasema uzito huo anausikia kiunoni kabla ya kuusikia mikononi. Kuachia hawezi, maana ikiteleza itamkuta kifuani. Basi anabana pumzi, anapinda kiwiliwili autafute ukuta kwa bega, na anasubiri mwenzake apate pa kukanyaga.

Kupinda mgongo huku umebeba ndiko kunakoumiza. Kati ya pingili za uti wa mgongo kuna diski zinazopokea mshindo, na zile za chini kabisa ndizo zinazoelemewa kuliko zote. Diski ikitokeza na kukandamiza neva, maumivu na ganzi hushuka mguuni. Yaya anaamka na ganzi hiyo, inaanzia kwenye tako la kushoto na kuishia kisiginoni. Anajipaka dawa ya kuchua, anatoka.

Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, mwaka 1991 ilirekebisha kanuni yake ya kunyanyua mizigo. Katika hali bora kuliko zote, mzigo ukiwa karibu na mwili, miguu imetulia, bila kujipinda, kikomo chake ni kilo 23. Mzigo ukikaa sentimita 50 mbele ya vifundo vya miguu badala ya 25, kikomo kinashuka hadi kilo 11.5. Zege peke yake limekwisha kupita vikomo vyote viwili, kabla hujahesabu bati na mota.

Yaya huvaa mkanda mpana mweusi kiunoni. Ilinibidi nimwambie kwamba utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2000, uliofanywa katika maduka makubwa 160 miongoni mwa maelfu ya wabeba mizigo, haukuona kuwa mkanda unapunguza majeraha wala maumivu ya mgongo. Alisikiliza hadi mwisho. Akajibu kwamba bila mkanda anajiona yuko uchi. Sikuwa na la kumpa badala yake.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nottingham Trent, Uingereza, walionyesha kwamba zege linaweza kubadilishwa na chombo cha plastiki kinachosafirishwa kitupu, kikajazwa maji mashine ikishafika nyumbani. Hoja iliyotangazwa zaidi ilikuwa mafuta ya malori na hewa ya kaboni. Mimi niliposoma niliiwaza ile kona ya ngazi.

Afrika Kusini ina Kanuni za Egonomiki za mwaka 2019, na zinawabana hata wabunifu na watengenezaji wa vifaa vya kazini. Je, mashine ya nyumbani ni kifaa cha kazini kwa anayelipwa kuibeba? Sheria ya fidia ya mwaka 1993 inamlinda mwajiriwa. Aliyeitwa na mpangaji kwa asubuhi moja ni mwajiriwa wa nani? Wafanyakazi wa majumbani nao walikuwa nje ya sheria hiyo hadi Novemba 2020, Mahakama ya Katiba ilipoamua kesi ya Maria Mahlangu, aliyekufa maji katika bwawa la mwajiri wake mwaka 2012. Mahamali wa mtaani bado hawajapata kesi yao.

Hamali mwenye ganzi akishindwa kuzuia mkojo, au ganzi ikishika sehemu za siri na mapaja kwa ndani, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Nawe mpangaji unayehama mwisho wa mwezi huu, zitafute zile bolti uzirudishe, na umlipie mtu wa tatu.