Mikono Inapochoka

 

Jumamosi jioni ukipita Kibera, toka Makina hadi soko la Toi, au ukishuka Kawangware pale kituo cha 46, utaona taa zingali zinawaka katika saluni za mabati. Wasusi wako kazini tangu asubuhi. Kesho ni Jumapili, na kila mmoja anataka kuingia kanisani akiwa nadhifu. Leo tuzungumze, si juu ya vichwa vinavyosukwa, bali juu ya mikono inayosuka.

Kichwa kimoja cha rasta ndogo ndogo chaweza kuchukua saa tano au sita. Muda wote huo vidole vinabana, vinapinda na kuvuta, na mwendo ni ule ule. Halafu usiku mmoja dada yetu anaamshwa na ganzi. Anaukung'uta mkono mpaka unapata nafuu. Siku zinapita, na asubuhi moja kikombe cha chai kinamponyoka. Jirani huyu anasema ni baridi. Yule anasema amerogwa. Mwenyewe ananyamaza, asije akaitwa mvivu na kupoteza wateja.

Ndugu msikilizaji, huo si uvivu wala si uchawi. Ndani ya kifundo cha mkono mna njia nyembamba. Upande mmoja ni mifupa, na upande wa kiganja ni utepe mgumu. Humo hupita kano 9 zinazokunja vidole, pamoja na mshipa mmoja wa fahamu. Kano zikitumikishwa bila kupumzika, na kifundo kikiwa kimepinda, nafasi hupungua na mshipa hubanwa. Ndiyo maana ganzi hushika kidole gumba, cha shahada, cha kati na upande mmoja wa kidole cha pete, lakini kidole cha mwisho husalimika. Mama mjamzito na mwenye ugonjwa wa sukari hupatwa kwa urahisi zaidi. Wengine huumwa penye shina la kidole gumba. Ugonjwa huo ulielezwa mwaka 1895 na daktari Fritz de Quervain wa Uswisi.

Wala si jambo jipya. Mwaka 1713 daktari mmoja wa Italia, Bernardino Ramazzini, aliandika juu ya makarani waliochoka mikono kwa kushika kalamu kutwa nzima. Kalamu, chanuo, mkasi, cherehani: chombo ni tofauti, taabu ni ile ile.

Basi, tufanyeje? Kwanza, msusi asifanye kazi huku ameinama. Mteja akikaa juu ya kigoda kifupi, mgongo wa msusi huvunjika. Akikaa juu mno, mabega yake huinuka. Kichwa kinachosukwa kiwe mahali ambapo viwiko vya msusi vitabaki karibu na mbavu. Pili, kifundo kisipinde. Geuza kichwa cha mteja, au zunguka wewe mwenyewe, kuliko kuupinda mkono. Tatu, mkasi uwe mkali, kwa maana mkasi butu hudai nguvu nyingi. Nne, badilisha kazi: suka, kisha osha mwingine nywele, kisha chana. Tano, kila baada ya mistari michache, weka chanuo chini, kunjua vidole, shusha mabega.

Najua utaniambia, "Mimi hulipwa kwa kichwa, si kwa saa. Nikipumzika nitakula nini?" Neno hilo ni kweli. Lakini nusu dakika haitakunyima chakula. Mkono ulioharibika utakunyima mwaka mzima. Usimeze vidonge vya maumivu ili uendelee kusuka, maana hapo umenyamazisha kengele na moto ungali unawaka. Ganzi ikirudi usiku baada ya usiku, nenda ukamwone daktari mapema. Mara nyingi gango la kuvaliwa usiku, ili kifundo kinyooke, na kupunguza kazi kwa muda hutosha. Ukichelewa, nyama ya shina la kidole gumba hukonda, na huenda ukahitaji kupasuliwa.

Na wenye saluni je? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri alinde afya ya wafanyakazi wake. Lakini wasusi wengi wamekodi kiti tu, hawana mwajiri. Hao watalindwa na nani?

Mwakumbuka habari za Musa katika kitabu cha Kutoka, siku ya vita na Waamaleki. Mikono yake ilipokuwa mizito, Haruni na Huri hawakumkemea ajikaze. Walimtafutia jiwe akalie, kisha wakaitegemeza mikono yake, mmoja huku na mmoja huku. Mikono iliyokuwa ikiwafaa watu wote, watu waliichukua pamoja naye.

Huku Nairobi twaona mfano wa jambo hilo wasusi wawili wanaposhirikiana kichwa kimoja na kugawana malipo. Lakini hata sisi wateja tunayo sehemu yetu. Tusijazane wote Jumamosi jioni wala mkesha wa Krismasi. Anayeweza aende Jumanne. Tusiombe bei ishuke mpaka msusi alazimike kusuka vichwa vitatu kwa siku ili apate kodi ya nyumba. Na ukimwona anaukung'uta mkono, usitazame saa. Mwambie, "Pumzika kidogo, dada. Nitangoja."

Hilo ndilo jiwe lako la kumpa akalie.