Bei ya haki ya pikipiki kuukuu ya masafa marefu

Anayenunua pikipiki kuukuu ananunua kilomita zilizobaki ndani yake. Kupima bei yake ni kukadiria kilomita hizo, kisha kutoa gharama za kuiwezesha pikipiki kuzitembea. Kashuga, katika eneo la Bashali-Mokoto, Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, mwisho wa Masisi kabla ya kuingia Walikale, kosa katika hesabu hiyo huumiza sana, kwa sababu huko pikipiki ndiyo basi, ndiyo lori, na mara nyingi ndiyo gari la wagonjwa. Njia itokayo mji wa Goma hupita Sake, ikapanda milimani hadi Kitchanga, ikafika Mweso penye hospitali, kisha Kashuga, Kalembe na kuendelea kuelekea Pinga. Upande wa Goma ardhi ni ya volkano, na vumbi lake hula cheni na silinda kama msasa. Ukishapita Sake yanaanza matope ya udongo wa mfinyanzi, miinuko mikali na madaraja ya miti. Kilomita moja ya huko haifanani na kilomita moja ya lami.

Ulaya na Marekani, pikipiki ya safari ndefu ni mashine kubwa kama Honda Gold Wing, iliyotoka mwaka 1975 ikiwa na silinda nne na injini ya sentimita za ujazo 999, au BMW R 80 G/S ya mwaka 1980. Mnunuzi wa huko huanza na daftari la huduma: nani aliitengeneza, lini, kwa vipuri gani. Njia ya Kashuga imekabidhiwa pikipiki za silinda moja zinazopozwa kwa upepo. Nyingi ni za Kihindi, TVS Star HLX na Bajaj Boxer, za ujazo wa kati ya 100 na 150. Pamoja nazo zipo Yamaha AG100 na DT125 ambazo mashirika ya misaada yamezitumia sana Kivu, na ambazo huishia mikononi mwa watu zikishachoka. Daftari la huduma ni nadra kuonekana, isipokuwa kwa hizo za mashirika. Kwa hiyo historia ya pikipiki inabidi isomwe kwenye mwili wake.

Jambo la kwanza ni umri. Muuzaji akisema ni ya juzi tu, namba ya chasisi iliyogongwa kwenye shingo ya fremu inaweza kumuunga mkono au kumkana. Namba hiyo ina tarakimu na herufi 17. Zile za Bajaj huanza na MD2, za TVS na MD6. Kwa viwanda vingi alama ya kumi ndiyo ya mwaka: A ni 2010, B ni 2011, F ni 2015, L ni 2020, P ni 2023. Herufi I, O na Q hazitumiki, zisije zikachanganywa na 1 na 0. Namba iliyokwaruzwa, iliyogongwa upya kwa mistari isiyonyooka, au iliyofunikwa rangi nene ni sababu ya kuacha biashara hapo hapo, hata bei iwe nzuri namna gani.

Mita ya kilomita haisaidii sana. Hukatika waya ndani ya matope, na wengi hawahangaiki kuufunga mwingine, kwa hiyo mita inayoonyesha 18,000 inaweza kuwa imelala miaka mitatu. Sehemu zinazoguswa kila siku zinasema zaidi: raba za kukanyagia zilizolika hadi chuma, meno ya kiki yaliyochakaa, rangi ya tangi iliyofutika pale magoti yanapokaa. Rangi mpya kwenye pikipiki yenye kiki iliyolika ni rangi ya kuuzia.

Baada ya hapo ni fremu, na hapa inafaa kutumia muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Injini inaweza kufunguliwa na kutengenezwa, tairi hununuliwa, lakini fremu iliyopinda au kuchanika haiponi kweli. Pikipiki za njia hii hubeba abiria wawili au watatu, magunia ya maharage na makaa, na kwenye maeneo ya migodi hubeba madini. Mzigo wa koltani unadanganya macho, maana gunia dogo lina uzito mkubwa. Uzito huo wote hukaa nyuma ya dereva. Ndiyo maana fremu huchanika chini ya kiti, pale shokapu za nyuma zinaposhikwa, na kwenye mkono unaobeba gurudumu la nyuma. Kiti kifunguliwe, matope yafutwe, na maungio yaangaliwe moja moja. Welding ya kiwandani ni mstari mwembamba uliolingana. Ya fundi wa mtaani ina mabonge. Chuma cha nyongeza kilichounganishwa mapema ili kubeba mzigo si kasoro kubwa, na mara nyingine huonyesha mwenye kujali. Kilichounganishwa juu ya ufa ni habari nyingine kabisa.

Kujua kama fremu imepinda hakuhitaji vifaa. Mtu mmoja aiendeshe polepole mbele, mwingine achuchumae nyuma na kutazama kama gurudumu la nyuma linafuata alama ya gurudumu la mbele. Kisha pikipiki isimamishwe, gurudumu la mbele linyanyuliwe, na usukani ugeuzwe taratibu kwa kidole. Ukikwama kidogo unapofika katikati, beringi za shingo zimeumia kwa kugonga mashimo. Gurudumu la nyuma litikiswe kushoto na kulia. Likicheza, bushi au beringi zimekwisha. Mafuta yanayotiririka kwenye foku za mbele ni sili tu, na si ghali, ila foku zilizopinda baada ya ajali hubadilisha hesabu yote.

Injini ijaribiwe ikiwa baridi. Muuzaji aliyeiwasha kabla mgeni hajafika amepunguza nusu ya ushahidi, na mkono ukiwekwa juu ya injini utasema. Kiki isukumwe polepole: injini nzima hukataa, halafu huachia. Mguu ukishuka bila kuzuiwa, mgandamizo umepotea. Fundi akimimina kijiko cha oili kupitia tundu la plagi na kiki ikawa ngumu tena, tatizo ni ringi na silinda. Isipobadilika, tatizo ni valvu. Tofauti hiyo ina maana kwa mfuko wa mnunuzi, kwa kuwa kuchonga silinda na kuweka pistoni kubwa zaidi si kazi ya kila karakana ya kijijini.

Moshi nao unasema. Wa buluu unaoongezeka pikipiki inapopanda mlima ni wa ringi. Wa buluu unaotoka kidogo wakati wa kuwasha kisha ukaisha ni wa sili za valvu. Mweusi ni wa petroli nyingi, na mara nyingi husafishwa kwa kushughulikia kabureta au kichujio cha hewa. Yamaha AG100 na DT125 zinahukumiwa kwa sheria nyingine, kwa sababu ni injini za viharusi viwili zinazochoma oili pamoja na petroli, na moshi mwepesi ni wa kawaida kwao. Cha kuuliza hapo ni kama pampu ya oili bado inafanya kazi. Mwenye pikipiki akieleza kwamba anachanganya oili na petroli kwa mkono, pampu imefungwa, na siku dereva atakaposahau kuchanganya, pistoni itang'ang'ania silinda.

Oili yenyewe itazamwe kwenye kijiti chake. Rangi ya maziwa ni maji yaliyoingia mtoni au kwa kuogeshwa kwa pampu. Oili mpya na nzito isivyo kawaida, iliyobadilishwa asubuhi ya kuuza, inaweza kuwa imewekwa ili kupunguza kelele na moshi. Vipande vya chuma vinavyong'aa ndani ya oili vinatosha kushusha bei kwa gharama ya kufungua injini nzima.

Majaribio yafanyike mlimani, gia ya juu, watu wawili wakiwa wamekaa. Injini ikipiga kelele zaidi bila mwendo kuongezeka, klachi inateleza. Lakini udhaifu mwingine hautokani na ugonjwa. Injini ya kabureta hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko, na Goma kwenyewe kuko mita 1,500 hivi juu ya bahari. Anayetegemea nguvu alizozisikia tambarare ataikataa pikipiki nzima bila haki. Kipimo cha kuaminika ni kuipandisha mlima ule ule pamoja na nyingine ya aina ile ile.

Cheni ivutwe kutoka nyuma ya sproketi kubwa; ikiachana na meno kiasi cha kuonyesha nusu ya jino, imekwisha, na kubadilisha cheni peke yake bila sproketi ni kutupa pesa. AG100 ina faida kwamba cheni yake imefungwa ndani ya boksi, matope hayaifikii. Breki, taa na betri zinajulikana na kila dereva, na vipuri vyake ni vya bei ndogo.

Sasa pesa. Msingi wa hesabu ni bei ya pikipiki nzima ya aina na umri ule ule katika soko lile lile, si bei ya mpya iliyoko dukani Goma. Tuseme, kwa mfano wa kuhesabia tu, TVS nzima ya miaka minne inauzwa dola 700. Iliyoletwa inahitaji cheni na sproketi kwa dola 25, tairi la nyuma kwa 30, sili za foku kwa 10, na ringi pamoja na kazi ya fundi kwa 60. Jumla ni 125, na zinabaki 575. Ikiwa matengenezo yatachukua siku sita, na pikipiki humwingizia mwenyewe dola 5 kila siku, dola 30 nyingine zimepotea kabla haijaanza kazi. Bei ya haki basi ni karibu 545, na mnunuzi akishusha kidogo zaidi kwa ajili ya yasiyoonekana, hajamdhulumu mtu.

Muuzaji mara nyingi hujibu kwa hesabu ya kinyume: ametumia dola 200 mwaka huu, kwa hiyo bei ipande kwa 200. Hilo halisimami. Matengenezo huirudisha pikipiki kwenye bei ya pikipiki nzima. Hayaipandishi juu ya hapo. Kinachopandisha ni nadra zaidi, kama uthibitisho wa huduma za muda mrefu au mmiliki mmoja tu tangu dukani.

Upatikanaji wa vipuri una nguvu kuliko ubora wa chuma. AG100 iliyotunzwa inaweza kuishi kuliko Boxer nyingi, lakini pistoni yake ni ghali na huagizwa mbali, wakati vipuri vya TVS na Bajaj vinauzwa kila mji wenye soko. Anayekaa Goma anaweza kulipia ubora wa Yamaha. Anayekaa Kashuga, ambako njia ikifungwa kipuri hakifiki, ana sababu nzuri ya kuishushia bei.

Na njia hufungwa. Wakati wa mvua hufungwa na matope, na kwa miaka mingi imefungwa na vita. Kashuga imehifadhi kambi za watu waliokimbia makwao kwa muda mrefu, na mwezi wa Januari 2025, kundi la waasi la M23 lilipoingia Goma, benki za mji huo zilifungwa na pesa taslimu zikawa adimu. Nyakati kama hizo mtu huuza pikipiki yake ili apate chakula cha njiani, kwa bei yoyote atakayotajiwa. Bei hiyo inapima shida ya muuzaji, haipimi pikipiki, na ni dhuluma kuitaja sokoni wiki inayofuata kama kiwango cha kawaida. Yule mwenye uwezo wa kununua wakati huo hakosi njia ya uungwana: anaweza kuipokea kama rehani na kumpa mwenyewe muda wa kuikomboa, au kulipa bei ambayo angelilipa wakati wa amani. Tena pikipiki ya bei ya ajabu wakati wa vita inaweza kuwa imeporwa, na aliyeporwa huitambua mapema kuliko mnunuzi anavyodhani.

Karatasi kwa hiyo ni sehemu ya thamani. Karte roze, yaani kadi ya usajili, inapaswa kuwa na namba ya chasisi ile ile iliyoko kwenye fremu, na jina la yule anayeuza. Isipokuwepo, bei ishuke kwa gharama ya kuitafuta, na muuzaji aonyeshe jinsi alivyoipata pikipiki, hadi kwa mmiliki wa kwanza ikiwezekana. Hati ya mauzo iandikwe namba ya chasisi, namba ya injini, bei na tarehe, isainiwe na pande zote mbili mbele ya mashahidi wanaojulikana kijijini au mbele ya chifu, na kila upande ubaki na nakala yake. Malipo makubwa Kivu hufanywa kwa dola, na noti iliyochanika hata pembeni hukataliwa, kwa hiyo noti zikaguliwe moja moja kabla ya saini, na ufunguo ukabidhiwe baada ya saini.