Fahamu: Kusomea Sheria Uingereza, Mtandaoni au Darasani

Aliyehitimu shahada ya historia au ya sayansi, kisha moyo wake ukaelekea sheria, nchini Uingereza huwekewa kozi ya ubadilishaji, ambayo kwa mwaka mmoja, au miwili kwa asomaye huku akifanya kazi, humkusanyia misingi ya elimu ile: mikataba, madhara, jinai, ardhi, amana, na sheria ya katiba na utawala. Tangu Septemba 2021, ulipoanzishwa mtihani mpya wa masolisita, yaani mawakili washauri wa wateja, kozi hiyo si faradhi tena kwao, maana shahada yoyote yatosha pamoja na mtihani huo na tajiriba ya kazi ya miaka miwili. Lakini kwa atakaye kuwa barista, yaani wakili msemaji wa mahakamani, naye hana shahada ya sheria, ingali sharti.

Kwa mzazi, mwajiriwa na akaaye mbali na miji mikubwa, kuisoma kozi hiyo mtandaoni ni rehema, kwani mihadhara hurudiwa usiku, na gharama ya nauli na pango huepukwa. Hata hivyo sheria ya amana, iliyojaa mambo ya dhahania, haifahamiki vema kwa kusikiliza pasipo kuhojiwa: mwalimu amkatizapo mwanafunzi na kumtaka atetee hoja yake mbele ya wenzake, kasoro yake hudhihirika papo hapo. Mwenye nia ya ubarista, basi, namnasihi aende darasani akiweza. Asiyeweza, na aulize kabla ya kulipa karo ni saa ngapi kwa juma atakazojadiliana na mwalimu moja kwa moja.